Kisanduku cha Siku ya Kumi na Nne

Watu wa Kasenga, mtaa wa Uvira, wanajua kwamba mzee Sévère Nizigama hajawahi kusimulia jambo likabaki na urefu wake wa kwanza. Ni yeye aliyesema kiboko wa mto Ruzizi alikuja ofisini kwao, akapanga mstari wa pensheni na kitambulisho mdomoni, akaondoka kwa hasira kwa sababu picha haikufanana naye. Ni yeye tena aliyesema kwamba mwaka ule ziwa lilipomeza nyumba za Kavimvira, samaki aina ya sangala waliingia sebuleni kwa watu na kuuliza mwenye nyumba ni nani. Ukimwambia, "Muzee, hiyo ni bongo," yaani uongo, anakutazama kwa huruma, kama vile wewe ndiye umepungukiwa.

Ajabu ni kwamba kazi yake ilikuwa ya namba. Miaka thelathini na mmoja alisoma kimo cha maji ya Tanganyika kwenye ubao wenye alama za sentimita, uliosimikwa ziwani upande wa Kalundu. Asubuhi mara moja, jioni mara moja, namba inaingia kwenye daftari. Shefu, mkuu wao wa kazi, alikuwa na sheria moja tu: daftari halina kisanduku kitupu. Uwe umelazwa na malaria, uwe umekimbia risasi, ukirudi unatazama namba ya kabla na namba ya baada, unapima katikati, unajaza. Hilo halikuitwa uongo, liliitwa bidii. Mvivu alikuwa yule anayeacha kisanduku kitupu.

Alipostaafu, ziwa likapanda na kuumeza hata ule ubao. Sévère akabaki na macho makali yasiyo na kazi.

Ndipo Patient, mwenye duka la fotokopi, mtu mzima mwenye tumbo la heshima, alipomwonyesha kitu kwenye kompyuta. Kuna darubini, akamweleza, imerushwa huko juu kabisa. Inazikodolea nyota zile zile siku ishirini na saba na kuandika jinsi mwanga wa kila moja unavyopanda na kushuka. Nyota ni nyingi kuliko wasomi, basi wasomi wanaomba mtu yeyote mwenye macho awasaidie kupitia chati. Nukta zimejipanga kama ndagala walioanikwa. Zikishuka ghafla kisha zikapanda, pengine sayari imepita mbele ya nyota yake na kuiziba kidogo.

"Hii ni ziwa," Sévère akasema.

"Ni nyota, muzee."

"Weye unaona nyota. Minye naona ziwa. Angalia hapa, maji ilishuka."

Wakapatana. Kila asubuhi, jua likishajaza vizuri betri za Patient, kompyuta moja ni ya mzee hadi saa sita. Malipo yake ni hadithi moja kwa wateja wanaongoja fotokopi. Kwa hiyo nyota zake alizitazama mchana kweupe, jambo lililomchekesha mkewe Pudentienne hadi akamwaga mboga yake ya sombe.

Kwa mwaka mmoja na nusu alipitia chati elfu nne, naye hakutia chumvi hata kwenye moja. Mtu aliyezoea kutafuta sentimita moja kati ya mawimbi hapitwi na nukta sita zilizoshuka.

Kisha ikaja ile nyota. Haikuwa na jina, ilikuwa na namba ndefu tu kama ya injini ya pikipiki. Siku ya tatu, kishimo cha nukta zilizoshuka. Siku ya ishirini na tano, kishimo kingine, kina kile kile, upana ule ule. Katikati, kuanzia siku ya kumi na tatu hadi ya kumi na tano, hapakuwa na nukta hata moja: darubini ilikuwa imegeukia dunia kutuma ilichokusanya. Fomu ya kujaza ilikuwa na visanduku vitatu, na kila kisanduku kiliuliza: umeona kishimo siku gani?

Sévère alijaza viwili. Cha tatu kikabaki kinamtazama.

Vile vishimo vilikuwa vyembamba. Anayepita mbio namna hiyo, aliwaza, hangoji siku ishirini na mbili ndipo arudi. Anarudi baada ya kumi na moja. Tatu na kumi na moja ni kumi na nne. Mkono ukaandika kabla kichwa hakijaulizwa: siku ya kumi na nne, kimeonekana. Hakuona vibaya hata kidogo. Alijiona amemaliza kazi.

Haukupita mwezi simu ikalia. Alikuwa Naomie Nkeshimana, binti wa mtaa wa Kimanga anayesomea udaktari wa mambo ya nyota Ubelgiji, mmoja wa wale wanaopokea fomu.

"Papa Sévère! Vishimo bitatu! Tunaandika artikle, na jina yako itaingia ndani. Sévère Nizigama, Uvira. Jina na muji, yote mbili."

Kabla ya saa sita Kasenga nzima ilikuwa imesikia, na Kasenga nzima ilikuwa imecheka. Nyumbani Pudentienne hakuacha kutwanga.

"Papa Laurette," akamwita kwa jina la binti yao wa kwanza, "siku nitaona jina yako mu karatasi ya wasomi, nitakuamini hata ya kiboko."

Basi akaingoja hiyo karatasi. Katika maisha yake yote alikuwa amesadikiwa na daftari tu. Sasa alitaka asadikiwe na mtu.

Wiki tatu baadaye Naomie akapiga tena. Safari hii hakuanza kwa kucheka.

"Papa, ile siku ya kumi na ine, uliona wapi?"

"Mu chati."

"Mu chati hamuna kitu siku ile."

"Njo maana nilijaza."

"Ulijaza?"

"Toka tatu mpaka makumi mbili na tano, ukigawa..."

"Najua kugawa, papa." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Tuliomba muone. Hatukuomba mugawe. Sasa wenzangu wanauliza: kama alijaza hii, alijaza ngapi mu zile elfu ine?"

"Moja tu! Zingine zote niliona na macho yangu!"

"Minye nakuamini. Lakini kanuni iko moja. Mwenye alijaza, kazi yake yote inatoka."

"Kwetu, mwenye aliacha kitupu njo alifukuzwa."

Naomie akauliza polepole, "Hata namba za ziwa mulifanya vile? Kuna watu huku wanazitumikisha, papa."

Sévère akaiweka simu chini.

Chati elfu nne zikafutwa. Pale kwenye kompyuta palipokuwa na jina lake na hesabu yake, pakabaki sifuri.

Baada ya miezi minane Naomie akatuma ile artikle, makala ya kisomi ya kurasa kumi na nne. Darubini nyingine, nayo ya huko juu, ilikuwa imeitazama nyota ile ile. Sayari ipo. Inaizunguka nyota yake kwa siku kumi na moja. Siku ya kumi na nne, darubini ya kwanza ilipokuwa imeipa kisogo, sayari ilikuwa inapita. Majina juu yalikuwa arobaini na moja. Chini Naomie alikuwa ameongeza maneno yake: "Ulikuwa na haki, papa, sayari ilipita. Lakini hukuona. Unisamehe."

Patient akamchapishia mzee. Nyumbani, Pudentienne alifuta mikono, akapitisha kidole kwenye majina yote arobaini na moja, moja moja, kama anayechambua mchele.

"Jina yako hamuko."

Ndipo Sévère akamweleza yote. Alieleza kavu, bila kiboko. Pudentienne alimsikiliza mpaka mwisho na hakucheka.

"Ni kweli," akasema.

"Unaniamini?"

"Bongo zako zote, mwisho weye njo unashinda. Kiboko unamushinda, sangala unamushinda. Hii umeshindwa. Nani anatunga bongo yake ili ashindwe?"

Miaka arobaini na miwili ya ndoa alikuwa amelingoja neno hilo. Likamfikia kama dola yenye mpasuko: ni halali, lakini nani ataipokea?

"Ila usiiseme kwa watu," Pudentienne akaongeza. "Muongo, watu wanacheka naye. Mwenye kufukuzwa juu ya uongo, watamucheka."

Kesho yake, kwa Patient, watu sita walikuwa wanangoja fotokopi.

"Muzee, ile karatasi ya jana, jina yako iko?" mmoja akauliza.

"Karatasi gani?" Sévère akaketi, mgongo kwa kompyuta. "Munyamaze. Munajua yule kiboko alirudi? Na picha mupya, inafanana naye kabisa, hata masharubu. Akapanga mustari toka asubuhi. Kufika mu dirisha, wanamwambia: picha ni muzuri, papa, lakini jina yako tulishaifuta."

Wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Sévère akangoja wamalize.

"Na yeye akafanya nini?" Patient akauliza, akipangusa machozi.

"Angefanya nini? Alirudi mu maji."