Mlango wa Ukili

Kila Jumatano na Alhamisi, kuanzia saa mbili asubuhi, wanawake saba wa Kinondo walikuwa wakikaa kwenye baraza ya zahanati na kusuka ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa kuwa mkeka. Baraza ile ilikuwa na sakafu ya saruji na kivuli mpaka karibu na adhuhuri. Miyaa, yale majani ya kusukia, walikuwa wakiitia rangi nyumbani kwa Bi Mwanaima, kwenye sufuria kubwa ya kupikia pilau ya arusi, halafu wakaianika uani na kuja nayo imefungwa kwa kanga. Kila mmoja alikuwa na mahali pake. Husna, aliyekuwa mdogo wao, alikuwa amepewa pale mwisho ambapo jua huingia mapema. Mbele yake kulikuwa na mlango wa wodi ya wazazi, na kwenye mlango kulikuwa na kufuli.

Wodi ilikuwa imejengwa miaka mitatu iliyopita. Vitanda viwili vya kuzalia, mizani ya watoto, taa ya sola, mashuka na kabati la vifaa, vyote vilinunuliwa kwa mikeka. Wanawake walisuka, maduka ya hoteli za Diani yakauza, na kila mkeka ukafungwa kikadi chenye picha ya mtoto anayecheka, kilichosema kuwa anayenunua mkeka huu anawasaidia wajawazito wa Kinondo. Siku ya kufungua wodi alikuja mheshimiwa, akakata utepe, akala, akanawa. Jioni ile ile ofisi ya majengo ya serikali ikatia kufuli, ikisubiri barua ya ruhusa ya kuitumia. Barua haikuja. Ukienda ofisini kuulizia ufunguo, unaambiwa uko kwa mkandarasi. Ukimpata mkandarasi, anakuambia uko ofisini.

Mwaka uliopita Subira, mke wa mwanawe Bi Mwanaima, alishikwa na uchungu wakati wa mvua. Wakampakia kwenye tuktuk kumpeleka hospitali ya Msambweni. Tuktuk ikazama kwenye matope, mtoto akazaliwa humo humo, na hakulia. Sasa Subira alikuwa na mimba nyingine iliyotimia. Alikuwa akija barazani na wenzake, anaegemea ukuta wa wodi, anasuka bila kusema mengi. Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na kitanda alichokisukia mikeka yeye mwenyewe.

Mwezi wa nne hoteli moja iliagiza mkeka wa kutundika ukutani, mrefu kumshinda mtu mzima. Gillian, msimamizi wa duka la hoteli, alitaka uwe na samaki na minazi. Kazi akapewa Husna, kwa sababu macho yake yalikuwa mazuri na mkono wake hauna pupa. Akausuka wiki tano. Alipokuwa akisuka alikuwa akiangalia mbele, na mbele kulikuwa na mlango. Samaki hawakutoka. Zilitoka mbao nne za kusimama, bawaba mbili, na kitasa cha rangi ya zambarau. Kufuli hakulisuka, maana miyaa myeusi ilikuwa imekwisha.

Ukili una uso na mgongo. Usoni ni laini, na mgongoni ndiko zinakobaki ncha za miyaa zilizokatwa. Mtoto akianza kufundishwa kushona mkeka, hilo ndilo analoambiwa mwanzo: nyuso zote zikae upande mmoja. Lakini siku ya mwisho gari la hoteli lilikuwa nje linapiga honi, na Husna akaushona ukili wa pembeni, ule unaozunguka mkeka wote, kinyume. Aligundua gari likiwa limeshakata kona.

Siku ya tatu Gillian akaurudisha mwenyewe, umelowa mvua.

"Dada, mimi niliomba samaki," alisema. "Huu ni mlango. Mgeni wangu ataufanyia nini mlango usioenda mahali?"

Husna akaomba radhi. Aliuchukua mkeka akauegemeza kwenye ukuta wa nyuma wa wodi, upande wa shamba la mihogo, upate kukauka.

Asubuhi iliyofuata, saa tatu, kuku wa jirani yao, Mzee Tsuma, alipita akichakura. Akausukuma ule mlango wa mkeka kwa kichwa, akaingia.

Wanawake walimsikia kutoka barazani, makucha yake yakigonga sakafu ya wodi.

"Huyo ni wa Tsuma," alisema Bi Mwanaima. "Atatuchafulia vitanda vyetu."

"Mwache alale," akasema Mbeyu, ambaye hakuwa akiweza kunyamaza. "Tangu vinunuliwe, yeye ndiye mgonjwa wa kwanza kupata kitanda."

Husna akazunguka nyuma. Alipoushika mkeka kwenye kitasa cha zambarau ulifunguka kwa bawaba zake, bila kelele. Aliviona vitanda vikiwa bado na karatasi za plastiki, na mizani ikiwa na vumbi. Alimwita kuku, na kuku akaja mpaka kizingitini, akagonga mdomo kwenye kitu kigumu, akarudi nyuma. Kwa upande wake palikuwa na ukuta.

Bi Mwanaima akaja akapitisha kidole ukingoni.

"Ukili wa pembeni umeushona kinyume, mwanangu."

"Naam, bibi."

"Basi huu unaingiza tu. Hautoi." Alisema hivyo kwa sauti ile ile anayoitumia akikuta pembe ya mkeka imepinda. "Ufumue, uushone upya."

Hiyo ilikuwa kazi ya kutwa. Husna akachukua shazia, ile sindano nene ya mikeka, akapiga magoti kwenye mchanga na kuanza kufumua kidogo kidogo na kushona papo hapo, ili mlango usifumuke wote. Alikuwa hajamaliza upande wa chini alipomsikia Subira barazani akisema, "Mama," basi, neno hilo moja. Maji yalikuwa yamemwagika kwenye saruji.

Rispah alitoka mbio kwenye chumba cha dawa. Alikuwa nesi pekee wa zahanati, aliyeletwa kutoka bara miaka mitatu nyuma, na kwa miaka hiyo yote alikuwa akitoa dawa za malaria mlango wa pili kutoka kwenye wodi asiyoweza kuingia. Mbeyu akampigia simu dereva wa tuktuk. Dereva akasema amezama, palepale pa mwaka jana, na magurudumu hayaonekani. Subira aliyasikia. Akaushika ukuta wa wodi.

Rispah akauangalia mkeka.

"Unafunguka huo?"

"Unaingiza tu, sista," alisema Husna. "Kutoka ni mpaka nimalize kushona."

"Utamaliza saa ngapi?"

"Alasiri."

"Sawa. Mimi nimekaa nje miaka mitatu, nikikaa ndani mpaka alasiri sitakufa. Mshikeni mkono."

Wakamtembeza Subira mpaka mlangoni. Pale akasimama. Wodi ilikuwa tupu na uchungu ulikuwa umemshika, lakini alikuwa amelelewa vizuri, akapiga hodi. Kuku akaitikia. Subira akaingia, nyuma yake Rispah na glavu zake, na nyuma ya Rispah Bi Mwanaima na kanga tatu na chupa ya chai. Mlango ukajirudisha. Husna akainama akaendelea kushona.

Saa saba alifika Jared kwa bodaboda, viatu vimejaa tope. Alikuwa afisa wa majengo kutoka ofisini. Mtu alikuwa amepiga simu kusema kuna kuku ndani ya jengo la serikali.

"Shikamoo," alisema Husna bila kuinuka.

"Poa, poa."

"Haijibiwi poa, baba," Mbeyu akamwambia. "Sema marahaba. Umesalimiwa, hukuulizwa hali ya biashara."

"Marahaba," akasema Jared. Alikwenda mbele, akalitikisa kufuli, akalipiga picha. Kisha akasikia sauti ya mwanamke ndani, sauti ndefu, akarudi nyuma mbio.

"Sasa hii ni nini?"

"Mlango," alisema Husna.

"Nani aliuidhinisha?"

"Uliagizwa na hoteli."

Jared aliandika hilo.

"Ukiingia hutoki mpaka nimalize," Husna akamwambia. "Nimefika hapa, nusu."

"Dada yangu, mimi niko kwa majengo miaka kumi na moja. Milango naijua." Akaufungua, akaingia.

Wakamsikia akiuliza kuku ni wa nani. Wakamsikia akiupiga ukuta kwa ngumi, mara tatu, halafu mara moja. Kisha sauti ya Rispah ikaja wazi: "Wewe, kama umechoka kupiga ukuta, kunja mikono ya shati. Shika hii taa. Angalia juu, usiangalie huku." Baadaye wakasikia mwanamume akisema taratibu, "Pumua, dada. Hivyo hivyo. Pumua," na Mbeyu akawatazama wenzake akaweka kidole mdomoni, wasicheke.

Saa tisa kasorobo Subira alipiga ukelele mmoja, kisha hakuna aliyepiga ukelele tena.

Husna akasubiri sauti ya pili. Haikuja. Barazani hakuna aliyesuka. Shazia ilikuwa imeingia nusu kwenye ukili na mkono wake ukakataa kuisukuma. Walikuwa wanaujua ukimya huo. Waliusikia kwenye simu mwaka uliopita, dereva alipokuwa amesahau kuikata.

"Kabati la kushoto," alisema Rispah ndani, bila kupandisha sauti. "Rafu ya juu. Kile kifuko cha kumpulizia mtoto pumzi. Kiko kwenye plastiki bado."

"Plastiki haifunguki," alisema Jared.

"Meno unayo?"

Plastiki ikapasuka. Kile kifuko kilikuwa kimenunuliwa kwa mkeka wa Subira, wa nyekundu na kijani, miaka miwili kabla hajampoteza mtoto wa kwanza. Husna aliukumbuka, kwa kuwa ndiye aliyeufunga kikadi. Rispah alikuwa akihesabu. Moja, mbili, pumzi. Moja, mbili, pumzi. Kuku alikuwa amenyamaza.

Mtoto akakohoa kama mtu mzima aliyepaliwa na chai. Halafu akalia, na alilia kwa hasira, hata mihogo ikatikisika. Mbeyu alipiga kigelegele kilichosikika barabarani, na mwenye tuktuk, aliyekuwa bado kwenye tope, akapiga honi.

Husna akasukuma shazia.

Alipiga fundo la mwisho wakati wa adhana ya alasiri. Akapitisha kiganja pembeni kote: uso, uso, uso. Ndipo akagonga.

Wa kwanza kutoka alikuwa kuku. Akafuata Jared, shati limekunjwa mpaka begani, akibeba yai moja. Kisha Rispah, akasimama akaufungua na kuufunga mlango mara mbili, kama mtu anayejaribu nyumba yake mpya. Mwisho Bi Mwanaima akatokeza kichwa, akasema Subira amelala kitandani na haondoki leo, kwa kuwa kitanda ni chake.

"Mtoto ataitwa nani?" aliuliza Jared. "Mimi naitwa Jared."

"Ni msichana," alisema Bi Mwanaima. "Ana jina la bibi yake. Wewe yai ulilookota ni lako, na Tsuma tutazungumza naye."

Jared aliketi barazani akapewa mahamri. Akatoa fomu, akaandika polepole. Husna alikuwa ameishia darasa la nane na alikuwa na mazoea ya kusoma kila karatasi inayopita mbele yake, hata ikiwa kichwa chini. Akasoma: *Wodi imefungwa. Kufuli ni zima. Hakuna dalili ya mtu kuingia.*

"Lakini ulikuwa ndani," alisema.

"Nilikuwa ndani," Jared akakubali. Macho yake yalikuwa bado mekundu. "Hii siku ya leo sitaisahau. Lakini fomu ina mstari mmoja wa mlango, na mlango ulio kwenye ramani ni wa mbele." Akatia sahihi. Alipoondoka aliwaaga mmoja mmoja, na kila aliyemsalimu alimjibu marahaba.

Tangu siku hiyo wanawake wamekuwa wakija kutoka Majoreni, na wengine wamevuka maji kutoka Mkwiro. Wanazunguka nyuma kupitia mihogo, wanapiga hodi, wanaingia, na wanatoka wakiwa wawili. Mmoja alitoka akiwa watatu. Rispah aliandika barua kuomba nesi wa pili, akajibiwa kuwa wodi iliyofungwa haihitaji nesi. Gillian alipiga simu akisema kuna mgeni ameona picha ya mkeka uliorudishwa, na anataka mlango kama ule. Husna alimsukia samaki. Mikeka inauzwa bado, na kikadi ni kile kile, mtoto anayecheka.

Mwaka ulipotimia ofisi ilituma mkubwa wake Jared kuja kubadilisha kufuli, kwa sababu la zamani lilikuwa limeingia kutu. Jipya lilikuwa la shaba, kubwa kama kiganja. Wanawake wakampa kiti na chai ya tangawizi. Subira alikuwa pale na Mwanaima mdogo, ambaye alikuwa ameshaota meno manne na alikuwa akiutafuna ukili wa mama yake. Mkubwa alipokuwa akilifungua sanduku la kufuli, kichanga kilianza kulia upande wa pili wa mlango.

"Huyo mtoto analia wapi?" aliuliza.

"Wodini," alisema Subira.

"Wodi si imefungwa?"

"Imefungwa, baba."

Mkubwa aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Akalitia kufuli, akazungusha ufunguo mara mbili, akalivuta kuona kama limeshika, akautia ufunguo mfukoni mwake. Kule nyuma wanawake wa Majoreni wakapiga vigelegele, kimoja juu ya kingine. Mkubwa aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, akawashukuru kwa makaribisho.