Kalipa ya Safari ya Suguti

Kwa maneno ya Pelagia, jirani wa Mwanaupe hapo Kigera, mkanda wa mashine ya kusaga ya kijiji cha Suguti uliruka kama nyoka aliyemwagiwa maji ya moto. Ukamchapa Boniphace, mwendesha mashine, akatumbukia kwenye pipa la unga, akatolewa mweupe pee, mkono unaning'inia.

"Uliona wewe?" Mwanaupe akamuuliza.

"Niende kuona nini? Walioona wameniambia! Bushi aliyoikereza mume wako, ile pete ya shaba inayoshikilia shafti, ilikuwa inapwaya, shafti inachezaga humo ndani mpaka mkanda ukatoka. Wanawake wote wamerudia mawe ya kusagia. Na mwenyekiti anasema hiyo ni hujuma, dada." Pelagia akajitwika beseni lake la samaki wa furu, akaenda kuyasema hayo na nyumba ya pili.

Mwanaupe alibaki na ufagio mkononi. Hujuma halikuwa neno la mchezo siku zile za vijiji vya ujamaa. Mtu alichukuliwa kwa neno hilo, na nyumbani wakabaki wanaulizana atarudi lini.

Uani, mumewe Muharami alikuwa anakanyaga kerezo lake, mashine ya kuchongea vyuma, bila chuma chochote juu yake. Alikuwa amesikia yote.

Ukutani zilitundikwa kalipa zake mbili, vipimio vya miguu miwili vya kupimia unene wa chuma. Miguu ya ile ya zamani ilishikwa na ribiti tu. Unaitanua kwa kidole, unaigonga kidogo ikae. Nyingine ina springi na skrubu, na ukishaikaza haisogei. Ya ribiti ni ya kazi iliyopo hapo hapo mezani. Ya skrubu ni ya safari, maana kipimo cha shafti kinachukuliwa Suguti na shimo la bushi linakerezwa Kigera, na katikati kuna baiskeli na barabara ya makorongo. Muharami mwenyewe ndiye aliyemfundisha mkewe hayo, na kupima pia: usiibane kalipa, iache ipite kwenye chuma kwa uzito wake, iguse tu.

Lakini asubuhi ile alipokwenda Suguti kupima, ya skrubu ilikuwa imekazwa kwa kipimo cha ekseli ya trekta ya Bunda, na Muharami hakutaka kukipoteza. Akachukua ya ribiti, akaizungushia kipande cha tyubu ili miguu isisogee.

"Hiyo itafika?" Mwanaupe alimuuliza.

"Si nimeifunga?" akajibu, mguu tayari kwenye pedali.

Aliporudi na kipimo, mpira ulikuwa umeteleza mpaka kwenye kiungo, haushiki tena miguu. Muharami aliuvua, akautupa, akaanza kukereza.

Sasa Landrova ilisimama nje. Mwenyekiti Machage wa Suguti aliingia na mgambo anayetafuna muwa, akaiweka bushi mezani.

"Ndugu Muharami, hii kazi yako?"

"Yangu."

"Boniphace aliifunga kwa sababu alikuamini. Leo mkono wake umevunjika, na kijiji hakina unga. Unasemaje?"

"Nilipima sawa, ndugu mwenyekiti. Labda aliiendesha bila grisi, ikalika."

"Imelika upesi hivyo?"

"Grisi ikikosekana, mbona mara moja tu!"

Mgambo akacheka. "Fundi, ulimi wako umekerezwa vizuri kuliko bushi yako."

Machage hakucheka. Aliingiza kidole kwenye tundu la bushi, akakizungusha.

"Kama ni Boniphace, tunamtoa kwenye mashine na mkono wake huo huo, akajieleze wilayani. Kama ni wewe, gari liko hapo nje. Nani alikuona ukipima?"

"Boniphace peke yake."

"Basi ni neno lako na lake."

"Hapana." Jasho lilikuwa linamtoka Muharami kidevuni. "Mke wangu aliona nilichokwenda nacho. Kalipa ya skrubu haidanganyi. Mwanaupe, waambie nilikwenda na ya skrubu."

Wote wakamgeukia. Mwanaupe aliiona bushi mezani, shaba yake mpya bado inang'aa ndani, haina hata mkwaruzo wa kulika. Akamfikiria Boniphace, ambaye hajawahi kumwona hata siku moja. Akamtazama mumewe, aliyesimama kando ya kerezo.

Mgambo aliacha kutafuna.

"Mwanaupe," Muharami akarudia, polepole, kama mtu anayeomba maji. "Waambie basi."