Chumvi Isiyooshwa

Dhanakala hakuwa mtu wa kuambiwa kitu jikoni kwake. Watu wote wa Jumla, wilaya yao ya milimani, walimjua: chumvi haiingii chunguni mpaka ioshwe. Alizoea ile ya zamani iliyoletwa kutoka ng'ambo ya milima migongoni mwa kondoo, imejaa mchanga na manyoya. Siku hizi chumvi ya mawe huja kwa gunia, safi, imetiwa madini joto. Naye bibi wa watu akaendelea kuiosha vilevile na maji akayamwaga uani. Usafi huo, nani amlaumu?

Mke wa mwanawe, Rupsara, alikuwa na mimba ya pili. Binti yake wa kwanza, Bina, alizaliwa kiziwi, na Rupsara mwenyewe shingo ilishaanza kuvimba. Alilala na kuamka na hofu moja tu, kwamba na huyu asije akawa hivyo hivyo.

Mhudumu wa afya alipopita alimweleza kwamba mtoto tumboni anayahitaji yale madini joto ya kwenye chumvi, kidogo tu, lakini akiyakosa huumia masikio na akili. Akaongeza kwamba ukiiosha chumvi, yanaondoka na maji. Loo! Moyo ulimlipuka Rupsara. Kumbe kinga yenyewe ilikuwa ikimwagwa uani kila siku.

Sasa mama mkwe utamwambiaje? Jioni ile Dhanakala alipoinamia bakuli la chumvi na kata ya maji, Rupsara alimshika mkono. Mke wa mwana kumshika mkwe mkono, hebu fikiria!

"Mama, usiioshe, nakuomba. Kinga ya mtoto imo humo."

"Leo unanifundisha usafi?"

"Hapana, mama. Usafi wako umetulea. Ila hii si ile ya kondoo."

Dhanakala akanuna, akaiweka kata chini. Dengu za siku ile zilitiwa chumvi kavu, na za siku zilizofuata pia, ingawa kununa hakuacha.

Mtoto wa kiume alizaliwa. Alipoanza kukaa, Dhanakala alisimama nyuma yake akamwita kwa jina lake, "Harke!" Mtoto akageuka, akacheka. Akamwita tena, akageuka tena. Rupsara machozi yakamtoka, akaanza kumshukuru mkwewe.

"Asante ya nini? Nilikaribia kukuzaba kofi siku ile." Dhanakala akamvuta Bina mapajani, akamkumbatia. "Mimi ndiye wa kushukuru, mwanangu. Ungeninyamazia kwa heshima, na huyu mdogo wake ningemwita asigeuke."