Umurinzi wa Katubuka

Mtaani Katubuka walimjua kama Feliksi, Muha wa Kasulu. Jina la Sindayigaya aliliacha kambini siku alipotoroka na mkewe Brigita. Enzi hizo mkimbizi akikutwa mjini alipakiwa kwenye lori na kurudishwa kambini, na huko kambini walikuwa wamemzika mtoto wao wa pekee. Kurudi huko hakutaka hata kukusikia.

Lugha haikumsumbua, maana Kirundi na Kiha ni ndugu wa tumbo moja. Kilichomkosesha usingizi ni mti. Brigita alikuwa amechomeka uani tawi la umurinzi, ule mti wa miiba unaolinda boma kwao Burundi. Tawi lilishika mizizi, likawa mti, na mwaka ule ukachanua maua mekundu yanayoonekana tangu barabarani. Feliksi aliona ni sawa na kutundika bendera ya Burundi mlangoni.

Iliposikika kwamba afisa mmoja, bwana Elinipa, mgeni kutoka Kilimanjaro, angepita nyumba kwa nyumba kusaka wakimbizi, Feliksi alinoa panga. Brigita alimsihi mno, akamwambia mti ule haukatwi hovyo. Wapi! Aliuangusha mchana kweupe, majirani wakitazama, kisha akajifuta jasho, roho imetulia. Hofu, jamani, haina macho.

Jioni ua ukajaa watu kama msibani. Balozi wao wa nyumba kumi, mzee Gervasi, Muha wa kuzaliwa, alikitazama kisiki. Feliksi akampa shikamoo. Mzee hakuitikia.

"Kwangu upo, na kwa baba yangu ulikuwepo," alisema. "Muha gani anaupiga panga umurinzi?"

Mzee akamweleza, bila kupandisha sauti, kwamba mtaa mzima ulijua walikotoka tangu siku waliyohamia, ukanyamaza, kwa kuwa kwa Waha anayeotesha mti ule huhesabiwa mwenzao. Ama huyo Elinipa, umurinzi na mpapai kwake ni mamoja.

Asubuhi Elinipa akaja. Alikiruka kisiki bila kukitazama, akamuuliza balozi kama huyu Feliksi ni mtu wao.

Mzee Gervasi aliwageukia majirani. Wote wakainamisha macho.

"Mpaka jana," alisema, "alikuwa wetu."