Posa Kutoka Louisville

Vestine hakuzaliwa jana. Posa ilipoingia Buffalo mwaka 2015, miezi miwili kabla ya makanisa yetu ya huku ughaibuni kukutana Columbus kuchagua kiongozi, alijua hapa pana jambo. Mchungaji Eliezer wa Louisville, mgombea wa kiti hicho, aliyegombana na mumewe Ruberwa miaka yote, leo anamtaka binti yao Umurerwa kwa kijana wake Cyubahiro? Lo!

Kwetu Mulenge, milimani tulikotoka, ukishapokea ng'ombe wa posa, humpingi tena mkwe mbele ya watu. Na sherehe ya ng'ombe ilipangwa wiki moja tu kabla ya kura.

"Donc, kumbe Eliezer anataka kukufunga mdomo," alimwambia mumewe. Ruberwa akavaa koti, akaenda kazini.

Umurerwa alikuwa jikoni na kazi ya chuo, habari za wafalme wa Roma. "Mama, sikia. Konstantino alimwoza Likinio dada yake, Konstansia, ili wapatane. Wakapigana hivyo hivyo. Likinio akashindwa, dada akamwombea mumewe, kaka akakubali kumwacha hai."

"Bon, basi ndoa ilisaidia."

"Mwaka uliofuata akamuua."

Vestine akachukua simu. Akampigia Rwema, mshenga. "Mwambie Eliezer abaki na ng'ombe wake! Hila zake tumezijua."

Rwema akakohoa. "Mama Umurerwa, kwani mzee hakukuambia? Eliezer hakuomba kitu. Ni mumeo aliyenituma Louisville. Hata siku ya sherehe aliichagua yeye. Ameahidiwa umakamu Eliezer akishinda."

Mungu wangu! Baba wa binti kumtuma mshenga! Tangu lini? Kwetu upande wa kijana ndio unaobisha hodi. Baba anayetangulia anamtembeza mwanawe kama mbuzi wa mnada. Na yeye Vestine mwezi mzima alikuwa akimlaani mtu wa Louisville, huku akimpakulia chakula huyu wa hapa. Aliona aibu, kisha hasira ikaimeza ile aibu.

Ruberwa aliporudi, alimkuta mkewe amesimama katikati ya jikoni, simu mkononi. Vestine hakumsalimu. Alimgeukia binti.

"Umurerwa, huyu Cyubahiro unamtaka?"

Msichana akafunga kitabu. "Sasa ndipo unaniuliza, Mama? Mwezi mzima unaongea kura tu. Simtaki. Hata sauti yake siijui."

Neno lile lilimchoma Vestine kuliko la Rwema. Akamsukumia mumewe simu.

"Baba Umurerwa, piga Louisville. Useme mwenyewe kwamba hakuna posa tena, na useme kwa sauti, mtoto asikie."