Muzee Aliyekaa Chini

Wewe unayenisikiliza, jibu hii: kinalala chini, hakina meno, na kimekula watu wengi kuliko chui. Ni nini?

Usijisumbue. Ni mupaka wa shamba.

Shamba letu la Karuba, bwana wangu Nzabandora alilizungushia miyenzi, ile miti ya maziwa machungu ambayo hata mbuzi haigusi. Vita ikatukimbiza mpaka Mweso, miaka mine. Tuliporudi, miyenzi imeng'olewa, na ng'ombe wa tajiri mumoja wanalala juu ya kaburi la mama mukwe wangu.

Kwetu kesi kama hiyo inaamuliwa na wazee watatu. Wanaufuata mupaka wa zamani kwa miguu mitupu. Wote wakifika mwisho, shamba limerudi. Mumoja akikaa njiani, neno limekufa. Wa kwetu tulimuchagua Isidore, ndugu ya bwana wangu, aliyechimba mashimo ya ile miyenzi kwa mikono yake. Akatembea hatua kumi, akakaa kwenye majani.

"Shemeji, mbona unakaa?" nililia mbele ya watu.

Desturi inaruhusu kutembea mara ya pili, basi. Siku yake ikapangwa.

Siku moja kabla ya kutembea, Isidore akaja kwangu saa sita, kama kawaida yake. Mutu wa familia hafichwi sahani. Nikamupa bugali na maharagi. Mujukuu wangu Solange alikuwa mulangoni na kaye, daftari yake ya shule, anajitayarisha kwa interro, mutihani wa historia.

"Koko, hawa Waroma ni kama sisi," akasema. "Masikini wanaenda vita, wakirudi wakubwa wamekula mashamba. Watu wakachagua musemaji, Tiberius Gracchus. Akasema tajiri asipite kipimo kwenye ardhi ya serikali, ile inayozidi wapewe masikini."

"Huyo njo muntu! Walimuua lini?"

"Koko, ngojea kwanza! Wasemaji walikuwa kumi. Mumoja akikataa, sheria inakufa. Matajiri hawakuhitaji kumi. Mumoja wao, Octavius, rafiki yake mwenyewe, akasema: nakataa."

"Na watu wakanyamaza?"

"Wakapiga kura, wakamutoa Octavius. Sheria ikapita. Kisha wakubwa wakamupiga Tiberius na miguu ya viti, wakamutupa mutoni."

"Sisi hata hiyo kura ya kumutoa muzee hatuna," nikasema. Sikumuangalia Isidore. Niliangalia kijiko chake.

Solange akageuza ukurasa. "Mwalimu ameuliza: yule Octavius, watu walimuchagua wenyewe, sasa kwa nini aliwakataa? Kwenye kaye haiko."

"Uliza babu yako," nikasema. "Yeye iko na akili ya kukaa."

Mutoto hakuelewa uchungu wangu. Akamugeukia kwa heshima kabisa: "Babu Isidore, kwa nini?"

Kijiko kikasimama. Kuku akapita katikati yetu, akadonoa haragi moja lililoanguka, akatoka. Isidore akasukuma sahani pole pole, akaangalia miguu yake ndani ya viatu, zile boti mupya ambazo mimi, mujinga, sikuwa nimejiuliza zimetoka wapi.

"Sababu na yeye alikuwa na kipande cha ardhi mule ndani," akasema. "Andika hivyo, mutoto wangu. Shemeji, mimi tajiri alinipa kile kipande cha chini cha shamba, kwenye maji. Kesho nitakaa tena."