Siku Mama Nakuleu Hakuomba Kitu

Mama Nakuleu huomba. Ukimsalimia ataitikia "ejok", halafu atakuomba sukari. Ukipita kwake na mtandio mpya, uuage kabisa. Mimi Magool nilizaliwa hapa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na tangu nipate akili watu wamekuwa wakinipa: unga, blanketi, madaftari, ushauri. Mama Nakuleu ndiye mtu wa kwanza kuniomba. Siku aliyoniomba mara ya kwanza alichukua bangili yangu, nami nikarudi nyumbani kifua mbele kama tajiri. Nilimpenda papo hapo, mkorofi yule.

Binti yake, Akaale, ndiye mwenzangu katika biashara ya maziwa ya ngamia. Ukame ulipomaliza ng'ombe, Waturkana wengi waligeukia ngamia, na maziwa yakapatikana. Adui wetu ni joto. Akaale hukusanya maziwa kwa akina mama wafugaji, mimi huyauza sokoni, na katikati yetu lipo tangi la kuyapozea linalotumia sola. Tangi lenyewe tuliliazima kwa mradi uliokuwa unafunga virago, na wenyewe walikuwa wanalitaka lirudishwe. Bila tangi hatuna kampuni. Kwa hiyo tuliposikia kwamba wakfu wa kampuni moja kubwa ya Nairobi unafadhili biashara changa zinazokabiliana na ukame, na kwamba afisa wao, Bwana Njenga, anakuja kutukagua, Akaale alikosa usingizi na mimi nikamkosa Akaale.

Alibadilika. Akaale ana digrii, na digrii ile ilimwambia kwamba watu wa Nairobi hudharau wanaoombaomba. Akawakusanya akina mama wote wa maziwa, mama yake mbele, akawaapisha: mgeni akija, mtu asiombe chochote.

"Hata tumbaku?" Mama Nakuleu aliuliza.

"Hata tumbaku, mama. Unataka tuonekane aje?"

"Mtu anakuja kwangu na simwombi kitu?" Mama alinigeukia. "Huyo mgeni amenikosea nini?"

Nilicheka. Akaale hakucheka.

Bwana Njenga alikuja, mtu mnene, mpole, mwenye kofia pana, pamoja na dereva wake Ekiru, Mturkana mzaliwa wa Kalokol. Tuliwaketisha chini ya turubai. Akina mama walikuwa wima kama wanafunzi siku ya mtihani. Mgeni akauliza wana shida gani.

"Hakuna," alisema Mama Nakuleu.

"Hakuna kabisa? Na hili joto?"

"Joto ni sawa."

"Mngependa wakfu uwasaidie kwa lipi?"

"Sisi tuko sawa. Asante."

Wengine wote wakatikisa vichwa kukubali. Akaale alirukia maneno, akaeleza habari za tangi mpaka sauti ikamkauka. Bwana Njenga alimsikiliza kwa adabu, akasema alikuwa ametaka kuwasikia wafugaji wenyewe. Alikunywa chai, akashukuru, akaondoka.

Jioni Ekiru alipiga simu kutoka Lodwar, ambako walikuwa wanalala ili mgeni apande ndege asubuhi. "Akaale, mlimfanyia nini huyu mzee? Anasema wafugaji hawataki hiyo mradi, ni nyinyi wawili tu ndio mnataka. Akifika Nairobi ataandika hivyo. Na mimi ningemwambia nini? Hata mimi hakuna mtu aliniomba tumbaku. Nilifikiri kuna matanga."

Akaale alilia. Mama yake alimwacha alie kidogo.

"Umemaliza?" akamwuliza. "Tafuta gari."

Kulipokucha tulikuwa njiani kwenye pikapu ya maziwa, mimi na kibali changu cha kutoka kambini mkononi, mama na binti hawasemezani. Bwana Njenga tulimkuta hotelini akila mandazi. Mama Nakuleu hakuzunguka.

"Ejok. Hiyo kofia yako ni mzuri. Nipe."

Akaale alifumba macho. Bwana Njenga aliivua kofia taratibu, akampa, naye akaivaa.

"Na hiyo chai."

Kikombe kikasogezwa. Akanywa.

"Na tangi ya maziwa. Ile tuko nayo si yetu. Wakichukua, maziwa itaharibika, tutamwaga chini, na watoto iko na njaa."

Alilitaja tangi kwa sauti ile ile aliyoombea kofia. Bwana Njenga aliweka andazi chini. "Lakini mama, jana nilikuuliza ukasema mko sawa."

"Huyu msichana alinifunga mdomo. Alisema nyinyi mnaona kuomba ni aibu." Akavuta kiti, akaketi. "Mimi mtu kama simtaki, simwombi. Akae na vitu yake, nikae na yangu, tutakutana wapi? Jana nilikufukuza na sikutaka kukufukuza. Ndio nimekuja kukuomba."

"Tangi si mali yangu, mama. Kuna bodi. Nitawaambia ulivyosema, ila siwezi kuahidi."

"Sijasema ahidi. Sasa wewe omba."

"Mimi?"

"Nimekunywa chai yako. Omba."

Mtu huyu kazi yake ni kuombwa, Lodwar hadi Lokichoggio, na nadhani hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo. Macho yalimlowa, akajifanya anapangusa jasho. Lodwar jasho halikosi, kwa hiyo tulimwachia.

"Naomba mbuzi," alisema mwishowe. "Jike."

Mama Nakuleu alipiga kigelegele hadi mpishi akachungulia. "Ameomba! Nakupa ile mweusi. Atakaa kwangu, maana huko Nairobi utamfunga wapi? Akizaa, mtoto pia ni wako."

Bodi ilikaa kimya muda mrefu. Wenye tangi walikuja wakalichukua, tukamwaga maziwa, nami nililia sokoni mbele ya wateja bila haya. Halafu simu ikaja. Akaale akaweka sauti ya juu ili sote tusikie.

"Bodi imekubali," alisema Bwana Njenga. Akaale alinirukia, tukaangukia mitungi. Mama yake akaiokota simu mchangani.

"Njenga. Ya tangi nimesikia. Wewe mwenyewe unakuja lini? Mbuzi wako amezaa, na hakujui sura."

Tukasikia akifunua karatasi za kalenda.

"Jumamosi, mama," alisema. "Nije na watoto?"

"Kuja nao. Mbuzi ni wao."